Weka Chini Fimbo, Shika Sambaza

Wababa, wamama na vijana wa Kirotshe, nanyi wa Shasha na Bweremana mtakaopokezana karatasi hii: nisikilizeni. Nyumba zetu zimepokea mgeni. Alikuja na boti kutoka Goma, au ndani ya kikapu juu ya pikipiki kwa njia ya Sake, akiwa na wiki saba au nane tu, masikio yamelala, nyayo zake kubwa kuliko umri wake. Muuzaji alisema ni berje alemani, mbwa mkubwa, mbwa wa kulinda. Baba akatoa dola. Watoto wakagombania kumbeba. Leo ana miezi mitano, na wale wale waliogombania kumbeba wanasema ameingiwa na shetani.

Nimeyasikia mashitaka yake yote. Anawarukia wageni na kupasua vikwembe. Anang'ata mikono ya watoto mpaka damu inatoka. Amekula kandambili, amekula kifuniko cha bidoni, amekula kitabu cha nyimbo za kanisani. Akiona kuku, hakuna wa kumshika. Kwa hiyo amefungwa kwenye mgomba kwa mpira wa baiskeli, na kila apitaye hapo amepewa ruhusa ya kumchapa ili atulie.

Nawaambia kwa nguvu zote nilizo nazo: huyo si shetani, ni mtoto. Na kile mnachomtendea sasa hivi kwenye mgomba ule ndicho kitakachomgeuza kuwa yule mnayemwogopa.

Fungueni Kitabu cha Hesabu, sura ya 22. Balaamu, mtu aliyesifika kwa kuona mambo yaliyofichika, amepanda punda wake na kushika njia. Malaika wa Bwana amesimama mbele, upanga mkononi. Punda anamwona. Balaamu haoni kitu. Punda akaacha njia, akaingia shambani, akapigwa. Akajibana ukutani, mguu wa bwana wake ukaumia, akapigwa. Mwisho akalala chini pale pale, akapigwa kwa mara ya tatu. Hapo Mungu akamfungua kinywa, na mnyama yule hakutukana wala hakulaani. Aliuliza: kosa lake ni nini hata apigwe mara tatu? Na malaika akamwambia Balaamu waziwazi kwamba asingalikuwa punda huyo, yeye Balaamu angalikuwa maiti.

Ni mara ngapi tumesimama mahali pa Balaamu, ndugu zangu! Mnyama anasema na mwili wake kwa sababu hana ulimi mwingine. Sisi tuliopewa akili hatuulizi anasema nini. Tunainua mkono.

Basi niwaambie anachosema.

Anasema, kwanza kabisa, kwamba hajalala. Mtoto wa mbwa anahitaji usingizi wa saa 18 hadi 20 katika kila siku ya saa 24. Nawaomba mrudie kuisoma sentensi hiyo, maana ndani yake mna nusu ya dawa ya ugonjwa huu wote. Sasa tazameni nyumba zetu. Alfajiri mama anawasha moto, bidoni zinagongana, watoto wanatoka kwenda kuchota maji ziwani. Mchana kinu kinatwanga sombe, redio ya jirani imefunguliwa mpaka mwisho, pikipiki zinapita barabarani. Saa saba wanafunzi wanarudi, na kila mmoja anataka kumwamsha mbwa ili acheze naye. Mnyama huyo kwa siku nzima hakupata hata saa sita za kulala kwa raha. Jioni, fufu linapoiva, anaanza kuzunguka uwanja kwa kasi, macho yamemtoka, anang'ata visigino, anararua nguo kwenye kamba. Mnasema ana nguvu nyingi mno, akimbizwe mpaka achoke. Kumbe uchovu ndio unaomkimbiza! Yeyote aliyelea mtoto wa miaka miwili anajua anavyolia na kugaagaa usiku ule ule anapohitaji kulala kuliko kitu kingine chochote.

Mpeni mahali pake. Nyuma ya nyumba, penye kivuli, gunia safi chini, ubao wa kuzuia upepo wa ziwani. Asilale ndani ya moshi wala njiani ambapo kila mguu unamkanyaga. Na watoto wapewe sheria moja isiyo na msamaha: mbwa aliyelala haguswi. Haitwi, hachokozwi, harushiwi kijiti. Fanyeni hivyo wiki nzima bila kubadili kitu kingine, kisha mpimeni upya huyo mliyemwita shetani.

Anasema pia kwamba kinywa kinamuuma. Kuanzia mwezi wa nne hivi mpaka wa sita, meno yake 28 ya utoto yanang'oka na nafasi yao inachukuliwa na meno 42 ya ukubwa. Ufizi umevimba, unawasha, na kila kilicho mbele yake kinaonekana dawa. Mkimnyima cha kutafuna, atajitafutia, na atachagua kiatu cha Jumapili. Chukueni kitambaa kikuukuu, kifungeni mafundo makubwa, kilowekeni katika maji ya baridi, mpeni. Nendeni kwa mchinjaji mkaombe mfupa mbichi wa ng'ombe, mkubwa kuliko kinywa chake. Lakini hapa nasimama na kupaza sauti: msimpe gunzi la mahindi! Msimwache na mbegu ya avoka! Katika vilima vyetu vitu hivi viwili vimetapakaa kila uwanja, na mbwa mchanga huvimeza vizimavizima. Gunzi halisagiki tumboni. Linaziba utumbo, mbwa anatapika, anaacha kula, na huku kwetu ambako upasuaji wa wanyama haupatikani, anakufa akiwa na afya yote ya ujana wake. Mifupa ya kuku iliyopikwa nayo huvunjika vipande vyenye ncha. Itupeni chooni.

Akikung'ata wewe mwenyewe katika mchezo, usipige kelele na usimfunge kinywa kwa mkono. Kwake hiyo ni mieleka, na mieleka anaipenda. Simama. Geuka. Ingia ndani ufunge mlango, ukae humo kwa muda wa Baba Yetu moja, kisha utoke. Ataelewa kwa siku chache kwamba jino likigusa ngozi, mtu anatoweka. Akikurukia, vilevile: mgongo, kimya, mikono kifuani. Miguu yake minne ikiwa chini, mpe uso wako na neno zuri. Na nyumba yote ifanye hivyo hivyo, kuanzia babu mpaka mjukuu. Kaka mkubwa akimwacha aruke na dada akamchapa kwa kuruka, mnamfundisha wazimu.

Na anasema kwamba hana kazi. Mnajua damu yake imetoka wapi? Mwaka 1899 kapteni wa jeshi la Ujerumani, Max von Stephanitz, alianzisha chama cha wafugaji wa mbwa huyu. Alimtaka mbwa wa kuzunguka kundi la kondoo mchana kutwa, akitembea kwenye mpaka wa shamba ili kondoo wasiingie katika mazao ya jirani. Vizazi na vizazi vilichaguliwa kwa kazi hiyo: macho yasiyopumzika, masikio yasiyopitwa na kitu, miguu isiyochoka. Wachungaji wetu wa Masisi, ninyi mnaopandisha ng'ombe kwenye malisho ya Mushaki na Ngungu, semeni kweli: mnyama aliyeumbwa hivyo atakaaje mwaka mzima kwenye mita mbili za kamba bila kuharibika akili?

Lakini kumpa kazi si kumkimbiza. Vijana, hili ni lenu. Nimewaona mkienda na pikipiki huku mbwa mchanga anakimbia nyuma, ulimi nje, nanyi mnajivuna. Mbwa wetu wa kienyeji hukomaa upesi. Huyu mkubwa hukua polepole: ncha za mifupa yake zina sehemu laini ambako mfupa unaendelea kurefuka, na hazifungi mpaka afikishe mwaka mmoja, na kwa wengine mwaka mmoja na nusu. Kukimbizwa mbali, kurukishwa ukuta, kuvutwa juu ya mawe, huharibu viungo hivyo, na kilema hakionekani leo. Kinaonekana akiwa na miaka mitatu, nyonga haziinuki. Tembeeni naye kwa mwendo wa mtu, njia fupi, mara mbili kwa siku, mkimwacha anuse. Kamba ikivutika, simameni kimya. Ikilegea, endeleeni. Kitabu cha Tobiti kinataja mbwa aliyeandamana na kijana Tobia na malaika Rafaeli katika safari ndefu. Sidhani kama malaika yule alikuwa anaburutwa.

Kazi iliyo bora kwake ni ya pua. Tupa sambaza kumi wakavu, wale samaki wadogo wa ziwa letu, katika majani marefu nyuma ya nyumba, mwambie atafute. Dakika kumi za kunusa humtuliza sana, na hazimvunji mfupa.

Najua neno mnalotaka kunirushia. Mbwa ni lazima ajue nani ni mkubwa, na asipopigwa atakupanda kichwani. Neno hilo lilitoka mbali, na wenye kulisema hawajui kwamba limekwisha kukataliwa na aliyelieneza. Mwaka 1947 Rudolf Schenkel aliandika juu ya mbwa mwitu waliofungiwa katika bustani ya wanyama ya Basel, Uswisi, jinsi walivyopigania ukubwa. David Mech wa Marekani alilipeleka wazo hilo ulimwenguni kwa kitabu chake cha mwaka 1970. Halafu Mech huyo huyo akakaa miaka mingi na mbwa mwitu walio huru, na mwaka 1999 akachapisha alichokiona: kundi ni familia. Baba, mama na watoto wao. Wakubwa wanaongoza kwa sababu ndio wazazi. Tumebeba fimbo kwa ushahidi wa wafungwa!

Na fimbo yenyewe imepimwa. Mwaka 2009 madaktari wa mifugo wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania walichapisha majibu ya wenye mbwa 140 waliokuja kutafuta msaada. Kati ya waliowahi kuwapiga mbwa wao ngumi au teke, asilimia 43 walisema mbwa alijibu kwa ukali. Waliotumia chakula na sifa waliona ukali huo mara chache sana. Kumbukeni kwamba jibu la mbwa mwenye kilo 8 ni mkwaruzo, na jibu la mbwa mwenye kilo 38 ni mfupa wa mkono wa mtoto wako.

Msiseme haya ni mambo ya Wazungu na mbwa wao wa sebuleni. Twendeni Rumangabo, teritwari ya Rutshuru, siku moja tu ya gari kutoka hapa njia zikiwa wazi. Mwaka 2011 Hifadhi ya Virunga ilianzisha huko kikosi cha mbwa wa Saint-Hubert, wale wanaoitwa pia bloodhound. Dume lake hufika kilo 50, masikio yananing'inia mpaka chini ya taya, na likiamua kuvuta kamba, mwanamume hawezi kulizuia kwa ubavu. Daktari wa mifugo kutoka Uswisi, Marlene Zähner, aliwafundisha mbwa hao pamoja na walinzi wa hifadhi, wanaume wa Kivu waliozaliwa katika vijiji kama vyetu, ambako mbwa ni wa kufukuzwa kwa jiwe. Machi 2012 ndovu mmoja alikutwa amekufa, pembe zimekatwa. Mbwa waliletwa, wakashika harufu ya wauaji, wakaifuata kwa kilomita nyingi hadi kijiji cha wavuvi.

Niambieni, kazi hiyo inafanyika kwa kiboko? Mafunzo ya kufuata harufu, popote yanapofanyika, huanza na mchezo wa kujificha. Mtu anayependwa na mbwa anakimbia mbele ya macho yake, anajificha nyuma ya kichaka akiwa na kipande cha nyama. Mbwa mchanga anaachiliwa, anatafuta, anampata, anakula, anasifiwa kama shujaa. Kesho umbali unaongezwa, keshokutwa kona moja zaidi. Ukimpiga mbwa wa namna hiyo, anaacha kukuambia pua yake imesikia nini, na hapo umepoteza kila kitu. Mbwa hatafuti kwa hofu. Hofu humfanya atazame mkono wako tu.

Kama mbwa hawatoshi kuwashawishi, kuna panya. Morogoro, Tanzania, katika Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, shirika la APOPO huwafundisha panya buku kunusa mabomu ya ardhini. Panya akinusa sawasawa anasikia mlio mdogo, kisha anapata ndizi. Hakuna zaidi ya hapo: mlio, ndizi, subira. Mmoja wao, Magawa, aliyezaliwa Tanzania, alipelekwa Kambodia akagundua mabomu na vilipuzi zaidi ya 100, na mwaka 2020 akatunukiwa nishani ya dhahabu ya shirika la PDSA la Uingereza, panya wa kwanza kuipata. Ndizi ilifanya hayo kwa panya. Sisi tuna ziwa lililojaa sambaza!

Sasa shikeni samaki hao mkononi, tuanze. Nilimwona msichana wa shule Bweremana akimfundisha mbwa wa nyumbani kwao, na sijaona mwalimu bora. Alikuwa ameketi kwenye kiti kifupi, bakuli nyuma ya mgongo. Alimkata sambaza mmoja mkavu vipande vitatu kwa kucha, akashika kichwa chake kati ya kidole gumba na cha shahada, akakileta mbele ya pua ya mbwa. Hakusema kitu. Alikiinua polepole kuelekea nyuma, kati ya masikio. Pua ilifuata kwenda juu, na pua ikipanda, makalio hushuka yenyewe. Yalipogusa udongo tu, akasema «Ndiyo!» na kipande kikaingia kinywani. Mbwa akalamba vidole vyake mpaka kwenye kiganja, naye akaacha alambe. Kipande cha pili, vilevile. Mara ya nne mbwa aliketi kabla mkono haujainuka. Msichana akacheka, akafunga bakuli, akaenda kuosha vyombo. Hakuendelea mpaka mnyama achoke, na hiyo ndiyo hekima iliyonishangaza.

Fuateni mfano wake. Dakika tatu asubuhi, tatu mchana, tatu jioni. Neno «Ndiyo» litoke wakati ule ule tendo jema linapotendeka, kwa sababu mbwa hakumbuki la dakika moja iliyopita kwa namna mnayofikiri. Ndiyo maana kumchapa jioni kwa kiatu cha asubuhi ni kumtesa bure. Akishajua kuketi, aketi kabla ya kula. Aketi kabla mlango haujafunguliwa. Aketi mgeni anapoingia. Mbwa aliyeketi hawezi kuruka. Mmempa cha kutenda badala ya kumkataza mambo mia. Mfundisheni pia kulala kwenye gunia lake: kila mkimkuta ametulia hapo kwa hiari yake, pitieni kimya, mdondosheeni kipande kati ya miguu, endeleeni na njia yenu. Tuna desturi ya kumwona mtoto anapokosa tu. Anapotulia tunamshukuru Mungu na kumsahau.

Na jina lake lisitumike kwa kumkaripia. Mkimwita, akija, mpeni kitu kizuri, hata kama anatoka kwenye kuku wa jirani. Mbwa aliyepigwa siku aliyoitika hataitika tena, na siku atakayokuwa katikati ya barabara ya Minova mbele ya lori, mtamlilia.

Udongo uwahi ungali maji. Mwaka 1961 watafiti wa Maabara ya Jackson, huko Bar Harbor, Marekani, walieleza jinsi watoto wa mbwa walivyolelewa uwanjani bila kuguswa na mtu. Waliochukuliwa na kuchezewa wakiwa na wiki tano hadi tisa waliwapenda watu. Walioachwa mpaka wiki ya 14 waliwakimbia binadamu kama wanyama wa porini. Kwa hiyo miezi ile mitatu ya mwanzo ni hazina. Msimfungie. Mbebeni mpaka sokoni, aone mama mwenye mzigo kichwani, mzee mwenye mkongojo, padri mwenye kanzu, mbuzi, mwavuli, pikipiki. Kila kitu kipya, kipande cha sambaza.

«Lakini atawapenda watu wote, na wezi wataingia!» Nimelisikia hili mpaka nimechoka. Wengine huwalisha mbwa pilipili ili wawe wakali, na kuwafunga gizani ili wachukie. Ndugu yangu, pilipili inamchoma utumbo, na giza linamfanya kipofu wa moyo. Mbwa wa namna hiyo hamtambui mwizi. Anamng'ata yeyote aliye karibu, na aliye karibu ni mtoto wako. Sauti ya kulinda huja yenyewe anapokomaa. Ni damu yake. Kinacholetwa na malezi ni kujua nani ni nani. Mbwa aliyezoea watu wa kila aina mchana hutambua hatua za mtu anayenyemelea usiku, na ukimwambia «basi» ananyamaza. Tena ukumbuke sheria. Kanuni ya Kiraia ya Kongo, Kitabu cha Tatu, kifungu cha 261, inamwajibisha mwenye mnyama kwa madhara yote anayoyaleta, awe alikuwa chini ya ulinzi wake au ametoroka. Hutasema mbele ya hakimu kwamba kamba ilikatika.

Kunyamaza nako kuna uzito wake kwetu. Sisi tulioona Februari 2024 watu wa Sake wakikimbia na magodoro, na Januari 2025 vita vikishuka njia hii mpaka Minova, tunajua kuna usiku ambapo mlio mmoja wa mbwa unaweza kuwaleta wenye bunduki mlangoni. Mbwa aliyefundishwa kwa upendo ananyamaza mkono wa bwana wake ukigusa shingo yake. Aliyefundishwa kwa kipigo hulia zaidi mkono huo unapomkaribia. Na milio ya mabomu inapomtetemesha mbwa mchanga, msimfukuze kitandani mwenu kwa aibu. Kaeni naye. Hofu haiongezeki kwa kufarijiwa.

Neno la chanjo nitalisema kwa ufupi kwa kuwa halina mjadala. Wabelgiji wa zamani walimwomba Mtakatifu Huberto, ambaye sikukuu yake ni tarehe 3 Novemba, awakinge na kichaa cha mbwa. Tumwombe, na tuchanje. Karibu watu wote wanaokufa kwa kichaa hicho duniani walikipata kwa mbwa, na dalili zikishaonekana, hakuna dawa. Miezi mitatu ikitimia, mbwa achanjwe. Mwaka ukizunguka, arudiwe. Akiumwa mtu na mbwa yeyote, hata kwa mkwaruzo, jeraha lioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15 kamili, kisha hospitali siku hiyo hiyo, kabla ya mganga wa miti na kabla ya kujadiliana juu ya fidia.

Wamebaki wale ambao wamechelewa. Mbwa wenu ana miaka miwili, shingo yake ina kidonda cha kamba, meno nje, na hata ninyi wenyewe mnampelekea chakula kwa kusukuma sahani na mti. Nanyi nawaambia, msikate tamaa na msimpe sumu. Wiki ya kwanza msimwombe kitu chochote. Piteni mbali, mahali ambapo hajaanza kunguruma, mrushieni sambaza, mwende zenu bila kumtazama machoni. Fanyeni hivyo kila mnapopita, mchana kutwa. Akianza kuinua masikio mnapotokea badala ya midomo, sogeeni hatua moja. Akinguruma, rudini hatua hiyo bila hasira; amewaonya kwa heshima. Mtu mmoja tu ndiye aifanye kazi hii mwanzoni, mtu mzima, na watoto wasikaribie kabisa. Badilisheni mpira wa baiskeli kwa mkanda mpana siku atakayokuja mwenyewe kunusa mkono wenu, na kidonda kile kioshwe kwa maji ya chumvi yaliyochemshwa na kupoa. Baadaye mnunulieni kamba ndefu, mita kumi, mtoke naye alfajiri kabla njia haijajaa watu, yeye mbele, ninyi nyuma, mfuko wa sambaza kiunoni.